Filamu ya Mwezi: Mzimu Ulipokabidhiwa Mashine

Mji wetu una jambo la pekee: umeuchagua mzimu uwe mwenyeji wa sherehe zake. Tangu mwaka 1956 Campbelltown huadhimisha Tamasha la Mzimu wa Fisher, na kila ifikapo Novemba watoto wetu hushangilia huku bibi zao wakitaka kujua ni nchi gani hii inayofanya mchezo na wafu hadharani. Kwa hiyo si ajabu safu yetu ya filamu kuanza na mzimu huo kabla ya kwenda Marekani.

Frederick Fisher alikuwa mfungwa aliyeletwa kutoka Uingereza, akapewa ruhusa ya kujitafutia riziki, akapata shamba huku. Mwezi wa Juni 1826 akatoweka. Jirani yake, George Worrall, akawaambia watu kwamba Fisher amerudi kwao Uingereza, naye akaanza kuishika mali yake. Hadithi yasema kwamba usiku mmoja mkulima aitwaye John Farley aliingia hotelini akitetemeka, akasema amemwona Fisher amekaa juu ya uzio, amenyoosha kidole kuelekea kijito. Maiti ikapatikana upande huo, na Worrall akanyongwa mwezi wa Februari 1827.

Hiyo ndiyo hadithi. Lakini katika ushahidi uliotolewa mahakamani mzimu haumo. Iliyomo ni habari ya damu iliyoonekana kwenye uzio, na ya mjuzi wa kufuata nyayo, mmoja wa Wenyeji wa Asili wa nchi hii, aliyeitwa Gilbert. Yeye ndiye aliyeyachunguza maji ya kijito, kisha akawaongoza askari hadi kwenye kinamasi alimofukiwa marehemu. Mwaka 1924 Raymond Longford aliitengenezea hadithi hiyo filamu isiyo na sauti, na kijito chenyewe hadi leo kinaitwa kwa jina la mzimu. Mzimu umepata tamasha, filamu na kijito. Gilbert hukumbukwa na wachache.

Nimeyatanguliza haya kwa sababu filamu ya mwezi huu inapita njia hiyo hiyo, kutoka kwenye kitisho kwenda kwenye maarifa, na watazamaji wengi hawakuisamehe kwa kufanya hivyo. Jina lake ni *Happy Death Day 2U*. Ilitoka mwaka 2019, nayo ni mwendelezo wa *Happy Death Day* ya mwaka 2017. Zote mbili ziliongozwa na Christopher Landon. Jina ni mchezo wa maneno: salamu ya siku ya kuzaliwa imegeuzwa kuwa salamu ya siku ya kufa.

Sehemu ya kwanza kwa ufupi

Msichana wa chuo kikuu aitwaye Tree, kifupisho cha Theresa, anaamka siku ya kuzaliwa kwake katika chumba cha kijana asiyemfahamu vizuri, jina lake Carter. Ni Jumatatu, tarehe 18. Tree ni mwenye kiburi, hapokei simu ya baba yake, na watu anawapita kama nguzo za barabarani. Usiku anauawa na mtu aliyevaa kinyago cha uso wa mtoto mchanga. Papo hapo anaamka tena katika chumba kile kile, asubuhi ile ile. Wahenga walisema siku njema huonekana asubuhi. Yeye asubuhi yake ni moja, na kila jioni anakufa.

Basi inambidi amtafute mwuaji wake mwenyewe. Kila anapokosea anauawa, na kila anapouawa anaanza upya. Katika kurudia huko anajifunza adabu: anaomba radhi, anamsikiliza Carter, anakutana na baba yake na kukiri kwamba alikuwa anamkimbia kwa ajili ya msiba. Mama yake amefariki, na mama na binti walikuwa wakisherehekea kuzaliwa siku moja. Mwishoni tunajua kwamba mwuaji ni Lori, msichana anayeishi naye chumba kimoja, aliyekuwa amemtilia sumu katika keki ndogo ya siku ya kuzaliwa.

Filamu hiyo inatisha kidogo na kuchekesha sana. Jessica Rothe, anayeigiza Tree, ana uso unaoweza kulia na kucheka kwa wakati mmoja. Jambo moja halikuelezwa: kwa nini siku inajirudia? Hakuna jini, hakuna laana, hakuna mganga. Watazamaji wengi waliridhika bila jibu.

Sehemu ya pili inageuka

Asiyetaka kujua mambo yanavyokwisha na aishie hapa, akaitazame, kisha arudi.

Sehemu ya pili inaanza na Ryan, anayekaa chumba kimoja na Carter, aliyekuwa mtu wa kupita tu katika sehemu ya kwanza. Sasa yeye ndiye anayeuawa, na yeye ndiye anayeamka tena, siku ya Jumanne. Tree, kwa kuwa ameyapitia, anayatambua mara moja. Ndipo siri inapofumbuka: Ryan na wenzake wawili, Samar na Dre, wamejenga katika maabara ya chuo mtambo wa kwantamu waliouita kwa jina la Sisyphus, yule mfalme wa Ugiriki ya kale aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani milele, likifika juu likiporomoka. Mtambo huo ndio ulioukunja wakati. Ukiwashwa tena, unamtupa Tree nyuma hadi Jumatatu ile ile, lakini katika ulimwengu mwingine ulio sambamba na wake. Katika ulimwengu huo Carter ni mchumba wa msichana mwingine. Lori si mwuaji. Na mama yake Tree yu hai.

Kuanzia hapo kinyago cha mtoto mchanga kinarudi nyuma, na ubao wa hesabu unakuja mbele. Ili mtambo uwashwe kwa njia itakayomrudisha Tree kwao, wanasayansi wale wanahitaji kupata kanuni sahihi ya hesabu. Wanajaribu nyingi kwa siku moja, lakini siku ikianza upya wao husahau kila kitu. Anayekumbuka ni Tree peke yake. Kwa hiyo yeye, asiyejua fizikia, analazimika kuzikariri kanuni zilizoshindwa, kisha afe ili siku ianze tena, aamke na kuwasomea tena kwa ghibu. Na kila kifo kinamwachia mwili dhaifu zaidi, hata hawezi kujaribu milele.

Wazee wetu waliokaririshwa nasaba na tenzi wataielewa hali hii haraka kuliko vijana. Walioandika wamesahau, na maandishi yao yamepotea pamoja na siku. Elimu yote imebaki katika kifua cha mtu mmoja aliyevuka.

Kiporo na chakula kipya

Kwetu Afrika Mashariki tunalifahamu neno "sehemu ya pili" kwa maana nyingine. Filamu za Bongo zilipoanza kuuzwa kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, mara nyingi hadithi moja ilikatwa vipande viwili ili mnunuzi anunue mara mbili. Hata filamu za kutisha za Mussa Banzi, kama *Nsyuka* na *Shumileta*, zimo katika zama hizo za kanda. Mtazamaji alijua kwamba sehemu ya pili ni mkia wa ya kwanza.

Hollywood sehemu ya pili kwa kawaida ni kiporo: wali ule ule wa jana, umepashwa moto na kuongezwa chumvi. Mwuaji anarudi, waathirika ni wengine, na damu ni nyingi zaidi. Landon alikikataa kiporo. Alichukua chungu kile kile na moto ule ule, akapika chakula kingine. Filamu yenyewe haifichi kwamba imefuata nyayo za *Back to the Future Part II* ya mwaka 1989, ambayo nayo ilikuwa sehemu ya pili iliyorudi ndani ya matukio ya sehemu ya kwanza na kuyatazama kutoka upande mwingine.

Bei ya uamuzi huo iko katika hesabu. Sehemu ya kwanza iligharimu chini ya dola milioni 5 za Marekani na ikaingiza zaidi ya milioni 120. Ya pili iligharimu milioni 9 hivi na ikaingiza milioni 64 hivi. Hiyo si hasara, lakini ni kama nusu ya mapato ya kwanza. Filamu inafunga kwa kutuandaa kwa sehemu ya tatu, na miaka imepita bila ya tatu kutengenezwa. Yaelekea wengi waliokuja kutafuta mwuaji hawakupenda kupewa somo la hesabu.

Je, walikosea? Nadhani walikuwa na hoja, ila haikuwa hoja nzima. Ni kweli kwamba mzimu ukielezwa hutisha kidogo. Mwuaji wa sehemu ya pili ni dhaifu, na akifunuliwa mtu huuliza, "Basi ni huyu tu?" Ni kweli pia kwamba sayansi yenyewe ni ya kuazima, ukiuliza maswali mawili mfululizo kuhusu mtambo ule, jibu halipatikani. Lakini maelezo yale yameleta kitu ambacho kitisho hakikuweza kukileta. Katika sehemu ya kwanza swali ni: nani ananiua? Katika ya pili swali ni: nikiweza kuchagua ulimwengu, nitachagua upi? La pili ni zito zaidi, na lisingeweza kuulizwa bila mashine.

Wala jambo hili si geni katika fasihi yetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960. Mtu anakutwa ameuawa mzimuni, na watu wako tayari kuamini kwamba mizimu imekasirika. Anakuja Bwana Msa na kiko chake, anapanga jambo moja baada ya jingine, na akili inafika mahali ambapo hofu ilikuwa imesimama. Katama Mkangi wa Kenya, katika *Walenisi* ya mwaka 1995, alimchukua Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, akampandisha chombo cha angani ambacho kilikusudiwa kuwa kaburi lake. Nacho kikamfikisha kwenye nchi nyingine yenye utaratibu wa haki. Hapo pia kifo kiligeuzwa kuwa safari, na safari ikawa njia ya kuuliza maisha yangeweza kuwaje.

Ulimwengu ambao mama yu hai

Sasa tuje kwenye kiini, ambacho ndicho kilichonifanya niichague filamu hii kwa jarida letu.

Tree anapomwona mama yake amekaa mbele yake, mzima, anacheka, hataki tena kurudi. Carter hayupo kwake katika ulimwengu ule, na hilo linamuuma, lakini mama yupo. Nani angemlaumu? Kisha, katikati ya mazungumzo, wazazi wake wanakumbushana jambo la furaha walilolifanya pamoja, wanamgeukia wamwone akicheka nao, naye hana la kucheka. Hakuwapo. Aliyekuwapo ni binti mwingine, Tree wa ulimwengu ule. Mama ni mama yake, uso ni ule, sauti ni ile. Lakini miaka waliyoishi pamoja si yake.

Ndugu wasomaji, ni nani kati yetu asiyeijua meza hiyo? Unarudi Bujumbura, Kigoma, Mombasa au Bukavu baada ya miaka kumi na miwili. Unapokewa kwa vifijo. Mnakula. Kisha wanaanza: mnakumbuka harusi ya fulani, mvua ilivyonyesha? Mnakumbuka mzee alivyosema siku ile kabla hajafariki? Wote wanacheka, wote wananyamaza, nawe unageuza shingo kutoka kwa huyu hadi kwa yule ukitabasamu kwa adabu. Hukuwapo. Nchi ni yako, watu ni wako, lakini miaka ile uliiishi hapa, ukisubiri treni alfajiri kwenye kituo cha Campbelltown.

Na wako wenzetu ambao hata safari hiyo hawakuipata. Walipigiwa simu usiku, wakaambiwa mama amezikwa. Hati za safari hazikuwa tayari, au nauli haikupatikana, au njia haikuwa salama. Mtu ambaye hakusimama kaburini hubaki na mlango ambao haujafungwa. Moyoni anaujenga ulimwengu sambamba: laiti nisingeondoka, laiti ningepiga simu Jumapili ile. Kila asubuhi anaamka katika siku ile ile. Maji yakimwagika hayazoleki, twaambiwa. Lakini moyo hukesha ukiyazoa.

Tree anapewa kile ambacho sisi hatutapewa: anapewa ulimwengu ambao maji hayakumwagika. Naye, baada ya kuonja, anachagua kurudi kwenye ule ambao mama amekufa. Harudi kwa sababu ya Carter peke yake, ingawa filamu ina mapenzi ya kutosha. Anarudi kwa sababu msiba wake ndio uliomfanya awe mtu aliye sasa, na kuukimbia ni kujikimbia. Anamuaga mama. Hilo ndilo jambo alilokosa mara ya kwanza: nafasi ya kuaga. Katika filamu iliyojaa vinyago na mitambo, maagano hayo mafupi ndiyo yenye uzito kuliko yote, nami nadhani ndiyo yaliyofanya mashine ile ijengwe. Mwuaji mwenye kisu asingeweza kumfikisha hapo.

Sisemi kwamba filamu ya vichekesho ni dawa ya msiba. Dawa ni watu: matanga, khitima, misa, sahani za chakula zinazopelekwa kwa mfiwa, na jirani anayekaa kimya sebuleni. Lakini kijana aliyezaliwa hapa, asiyeelewa kwa nini baba yake hunyamaza kila mwaka tarehe fulani, huenda akaelewa kwa njia ya Tree kile asichoweza kuelezwa kwa maneno.

Neno kwa wazazi

Kuna jambo moja linalohitaji tahadhari. Kwa kuwa lazima Tree afe ili siku ianze upya, katika sehemu ya pili anajiua mwenyewe mara kadhaa, na mfululizo huo umefanywa wa kuchekesha, kwa muziki mchangamfu. Najua kusudi lake katika hadithi. Hata hivyo, kwa kijana aliye na huzuni, au kwa familia iliyofikwa na msiba wa namna hiyo, kicheko hicho hakifai. Watazameni watoto wenu kabla ya kutazama filamu.

Katika nchi hii kila filamu hupewa alama. G ni kwa wote. PG yataka mzazi awe karibu. M ni ushauri kwa walio na miaka 15 na zaidi, lakini haimzuii mdogo kisheria. MA 15+ ni sheria: aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi bila mzazi au mlezi. R 18+ ni ya watu wazima. Isomeni alama iliyo kwenye jalada kabla ya kitu kingine chochote. Kwa maoni yangu filamu hii isitazamwe na mtoto wa shule ya msingi, na aliye kidato cha juu aitazame pamoja na mtu mzima.

Ikiwa kuna mtu nyumbani anayesema amechoka kuishi, msimkemee wala msimfiche. Lifeline hupokea simu saa zote kwa namba 13 11 14. Anayehitaji mkalimani apige kwanza huduma ya taifa ya ukalimani, 131 450, aombe Kiswahili, kisha aunganishwe.

Wanaotaka kuitafuta filamu bila gharama na waulize katika maktaba ya H. J. Daley, hapa mjini Campbelltown. Anzeni na sehemu ya kwanza. Ya pili haieleweki bila hiyo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kwa nini Tree anazikariri kanuni za hesabu badala ya kuziandika? Katika familia yenu ni nani anayekumbuka mambo ambayo wengine wote wameyasahau? Mmewahi kumwomba awasimulie?

2. Katika hadithi ya Fisher, kwa nini watu waliupenda mzimu kuliko mfuatiliaji nyayo? Nani mwingine katika historia ya nchi hii, au ya kwetu, alifanya kazi na sifa ikaenda kwa mwingine?

3. Kwa wazazi na watoto pamoja: kama tusingeondoka, leo tungekuwa wapi? Kila mmoja aseme jambo moja ambalo angelipata kule, na jambo moja ambalo asingekubali kulipoteza huku. Mzazi aanze.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza kuhusu *Pumzi*, filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya ya mwaka 2009, inayohusu dunia iliyokaukiwa na maji. Hiyo nayo ni ya kisayansi, lakini haina kinyago wala kisu, na bibi anaweza kukaa hadi mwisho. Hadi hapo, kaeni salama, na mpitapo kando ya kijito cha Fisher mkumbukeni na Gilbert.